Saa Moja ya Addis Ababa: Jinsi Waethiopia Wanavyojihesabia Siku, Miaka na Majina

Mzungu akifika Addis Ababa akaambiwa basi la Bahir Dar linaondoka saa kumi na mbili asubuhi, hushika kichwa. Kwake saa kumi na mbili ni ama jua la utosini ama usiku wa manane, asubuhi haimo. Mswahili akiambiwa maneno hayo hayo huuliza tu nauli ni kiasi gani. Anajua kwamba saa kumi na mbili ni kunapambazuka, na kwamba anayelitaka basi hilo aamke saa kumi.

Ndiyo maana nataka kuieleza fahari ya Waethiopia kwa kuanzia kwenye saa. Vita vya Adwa na wakimbiaji wao watafika, lakini fahari ya nchi hii hasa imelala katika mambo ambayo mtu huyafanya kila siku bila kuyawazia: kutaja saa, kuandika tarehe, kujitambulisha, kumimina kahawa. Katika kila jambo kati ya hayo, Waethiopia huanza kuhesabu kutoka pale waliposimama wao. Siku huanza jua linapowachomozea, mwaka huanza mvua zao zinapokatika, na jina la mtu huanza na mtu mwenyewe.

Kwa Kiamhari, saa moja ni "and se'at". Se'at yao na saa yetu ni ndugu: sisi neno tulilipata kwa Waarabu, wao wanalo katika ukoo huo huo wa lugha za Kisemiti. Hesabu yenyewe inatokana na jua. Addis Ababa iko nyuzi 9 kaskazini mwa ikweta, Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini. Mchana mrefu kuliko yote Addis huuzidi mfupi kuliko yote kwa muda wa saa moja hivi. London tofauti hiyo inakaribia saa tisa, kwa hiyo mtu wa kule akianza kuhesabu jua linapochomoza, saa moja yake ya Juni haitakutana kamwe na saa moja yake ya Desemba. Kwetu na kwa Waethiopia jua ni mwaminifu. Saa moja asubuhi maana yake jua limeshatembea saa moja, na mkulima wa Gojjam analijua hilo bila kutazama mkono wake.

Hesabu hii ni ya kale sana. Injili inaposema giza liliifunika nchi tangu saa sita hata saa tisa, msomaji wa Kiswahili na msomaji wa Kiamhari wanaelewa palepale kwamba ni mchana wa jua kali uliogeuka usiku. Wasomaji wa lugha nyingine huhitaji maelezo chini ya ukurasa.

Tabu huja pale hesabu mbili zinapokutana. Tiketi ya ndege huandikwa kwa saa za kimataifa, miadi ya daktari huenda ikatajwa kwa saa za nchi, na hapo ndipo utakapolisikia swali ambalo Mwethiopia huliuliza mara nyingi kuliko jingine: kwa hesabu ya habesha au ya ferenj? Habesha ni mwenyeji, ferenj ni mgeni, hasa mzungu. Mswahili hajui ajiweke wapi katika swali hilo, kwa sababu ni mgeni anayehesabu saa kama mwenyeji.

Fundo kubwa zaidi ni mwaka. Waethiopia waliupokea mwaka 2000 tarehe 12 Septemba 2007, na tangu hapo wageni wamezoea kusema nchi hiyo imechelewa miaka saba. Haijachelewa. Wote wawili, sisi na wao, tunahesabu kuanzia kuja kwa Yesu, ila tuliwasikiliza mafundi wawili tofauti. Mmoja ni Annianus, mtawa wa Aleksandria, aliyepiga hesabu zake mwanzoni mwa karne ya 5. Wa pili ni Dionysius Exiguus, aliyefanya kazi Roma, akatoa hesabu yake mwaka 525. Kila mmoja alijaribu kukisia Bwana alikuja duniani lini, na makisio yao yakapishana kwa miaka kadhaa. Ulaya ilimfuata Dionysius. Kanisa la Ethiopia, ambalo kwa karne nyingi lilikuwa likipokea maaskofu wake kutoka Misri, lilibaki na Aleksandria.

Na nani kati yao alipatia? Wanahistoria wengi wanaamini Herode Mkuu alikufa mwaka wa 4 kabla ya Kristo, na Injili ya Mathayo inasema Yesu alizaliwa Herode akiwa hai. Ikiwa ni hivyo, mafundi wote wawili walikosea, na hakuna mwenye haki ya kumwambia mwenzake kachelewa. Waethiopia huuita mwaka wao Amete Mihret, yaani mwaka wa rehema, na sioni kosa lolote katika jina hilo.

Mbona basi mara tofauti ni miaka saba, mara minane? Ni kwa sababu mwaka wao huanza Septemba na wetu huanza Januari. Kuanzia 11 Septemba hadi 31 Desemba, toa saba. Kuanzia Januari hadi kabla ya mwaka wao mpya, toa minane. Tujaribu kwa tarehe tunazozijua. Tanganyika ilipata uhuru 9 Desemba 1961: toa saba, ni 1954, na siku yenyewe ilikuwa 30 Hidar, siku ya mwisho ya mwezi huo. Kenya ilipata uhuru 12 Desemba 1963, yaani 2 Tahsas 1956. Mwezi mmoja baadaye, 12 Januari 1964, yakatokea Mapinduzi ya Zanzibar, ambayo Addis ilikuwa 3 Tir 1956. Kwetu matukio hayo mawili yako katika miaka miwili na watoto wa shule huyakariri mbalimbali. Kwa kalenda ya Ethiopia yote mawili ni ya mwaka mmoja. Na Umoja wa Nchi Huru za Afrika, uliozaliwa Addis Ababa 25 Mei 1963, kwa wenyeji wake ulizaliwa 17 Ginbot 1955. Ukiweza kuzifuata tarehe hizo nne umeshaifahamu kalenda yote.

Miezi yenyewe ni rahisi kuliko yetu. Iko kumi na miwili ya siku 30 kila mmoja, bila ya wimbo wa kuhesabu vifundo vya vidole kujua upi una 31. Zinabaki siku tano, na hizo ndizo mwezi wa kumi na tatu, Pagume. Kila baada ya miaka minne Pagume hupata siku ya sita. Miaka hiyo minne ina majina ya Wainjilisti, Matewos, Markos, Lukas na Yohannes, na siku ya sita huongezwa mwishoni mwa mwaka wa Lukas. Mwaka mpya unaofuata Pagume ya siku sita huangukia 12 Septemba badala ya 11, kama ilivyokuwa 2007.

Watu wa pwani wasione ajabu. Kalenda ya Nairuzi, iliyowaongoza mabaharia na wakulima wa kwetu, iliugawa mwaka katika miongo 36 ya siku kumi kumi, zikabaki siku tano za ziada. Hesabu ni ileile kwa mgawanyo mwingine, na mabaki yake ni Mwaka Kogwa unaosherehekewa kila Julai kule Makunduchi, Unguja. Tofauti ni kwamba kwetu kalenda hiyo imebaki kuwa sherehe ya mji mmoja, na yao ndiyo inayotumika benki, mahakamani na kwenye cheti cha kuzaliwa.

Mwaka wao mpya unaitwa Enkutatash. Mvua kubwa, kiremt, huanza Juni na kukatika Septemba, na mara tu zinapokatika nyanda za juu hufunikwa na maua ya manjano yanayoitwa adey abeba, ambayo huchanua msimu huo tu. Wasichana huyachuma, wakafunga vishada, wakapita nyumba kwa nyumba wakiimba na kupewa chochote. Ukiziona zile nyasi zilizoshiba mvua na yale maua yaliyotapakaa hadi kando ya barabara, huhitaji kuelezwa kwa nini mwaka uanze hapo. Januari Mosi hakuna kitu kipya kinachotokea shambani.

Kalenda hii haikusalia kwa bahati. Mwaka 1582 Papa Gregori wa 13 aliirekebisha kalenda ya Ulaya, akakata siku kumi. Miongo michache baadaye Mfalme Susenyos wa Ethiopia alikubali Ukatoliki chini ya ushawishi wa Wajesuiti, na mageuzi waliyoyaleta yaligusa ibada, mifungo na hata hesabu ya sikukuu. Nchi ikawaka moto. Mwaka 1632 Susenyos alimwachia kiti mwanawe Fasilides, naye akairudisha imani ya Orthodoksi na kuwafukuza Wajesuiti. Watu walikufa katika ugomvi huo, kwa hiyo Mwethiopia anapokutajia tarehe yake kwa uso mkavu, kuna historia nzito nyuma ya tarehe hiyo.

Adwa nayo imo humo humo. Mwaka 1889 Menelik wa Pili alitia saini mkataba na Italia huko Wuchale. Kifungu cha 17 kwa Kiamhari kilisema anaweza kuitumia Italia katika mawasiliano yake na mataifa mengine, na kwa Kiitalia kilisema lazima aitumie, maana yake nchi imewekwa chini ya himaya ya Italia. Menelik alishikilia maandishi ya lugha yake. Waitalia walishikilia yao, na mambo yakaishia milimani Adwa, ambako jeshi la Jenerali Baratieri lilivunjwa kwa siku moja. Malkia Taytu Betul alikuwepo vitani na askari wake mwenyewe.

Vitabu vya historia vinasema siku hiyo ilikuwa 1 Machi 1896. Ukienda Ethiopia utakuta sikukuu ya Adwa ni tarehe 2 Machi, na wageni wengi hudhani kuna aliyekosea. Hakuna. Ushindi ulipatikana 23 Yekatit 1888, na Waethiopia huadhimisha 23 Yekatit kila mwaka. Kilichosogea ni kalenda yetu: mwaka 1900 Februari yetu haikuwa na siku ya 29, kwa kanuni ya Papa Gregori kwamba miaka ya mamia haiwi mirefu isipokuwa inagawanyika kwa 400. Kalenda ya Ethiopia haina ubaguzi huo, huongeza siku kila baada ya miaka minne bila kukosa. Tukapishana siku moja zaidi. Mwaka 2100 tutapishana nyingine, na Enkutatash itahamia 12 Septemba katika kalenda zetu, huku wao wakiendelea kusema 1 Meskerem kama kawaida.

Sisi, wakoloni walitukuta na saa yetu na miaka yetu. Miaka wakaibadilisha kwa shule, kwa kanisa na kwa ofisi ya bwana shauri, na saa ikawashinda, tunaisema hadi leo. Kule Waitalia walikaa miaka mitano tu, 1936 hadi 1941. Waethiopia walibaki na saa, mwaka, majina, na herufi zao za fidel, ambazo mtoto huzikariri kwa mlolongo wa silabi, ha, hu, hi, kama wetu wanavyokariri ba, be, bi.

Lazima niseme hapa kwamba neno "Mhabeshi" tunalitumia Waswahili kwa urahisi mno. Ndani ya nchi, habesha ni hasa watu wa nyanda za juu za kaskazini na utamaduni wao. Muoromo, Msidama au Msomali wa Jijiga anaweza asijiite hivyo. Wasidama wana mwaka mpya wao, Fichee-Chambalaalla, na Waoromo wana Irreechaa, shukrani baada ya mvua. Mwislamu wa Harar hufunga Ramadhani kwa mwezi wa Hijiria, kisha akaandika tarehe ya dukani kwa Tir au Yekatit. Nchi ina lugha zaidi ya 80, na ugomvi wa nani ni nani umemwaga damu miaka ya karibuni. Kalenda ni kati ya vitu vichache ambavyo karibu wote hukutana navyo kila asubuhi.

Kwenye majina mambo ni mepesi, na watu wa Unguja na Pemba watayaelewa haraka kuliko wengine. Ethiopia haina jina la ukoo. Mtu ana jina lake, likifuatiwa na la baba yake, na la babu likihitajika, kama Ali Juma Hamad wa kwetu. Waziri Mkuu Abiy Ahmed ni Abiy, na anayemwita Ahmed anamwita baba yake. Mwanamke akiolewa habadilishi kitu, kwa kuwa baba yake hajabadilika. Baba, mama na watoto wakijaza fomu ng'ambo, jina la pili la mama halifanani na la mumewe wala la wanawe, na karani huwatazama kama watu waliokutana kwenye foleni. Majina mengi ni sentensi au sala. Haile Gebrselassie, aliyetawala mbio za mita 10,000 miaka ya tisini, ni Haile, yaani nguvu, mwana wa Gebrselassie, mtumishi wa Utatu. Ukimwita kwa heshima utasema Ato Haile, Bwana Haile. Heshima hukaa mbele ya jina la mtu mwenyewe, kama sisi tunavyosema Mwalimu Julius au Bi Asha.

Nikafundishwa kuhesabu kwa njia nyingine Nairobi, nilipokaa mlango mkabala na mama mmoja wa Kiethiopia. Jumapili moja alasiri alinigongea, akasema kuna kahawa. Nilidhani ni kikombe kimoja. Alikuwa ametandaza majani mabichi sakafuni na ubani unafuka chetezoni. Akaziosha buni kwenye kaango, akazikaanga taratibu huku akilitikisa, na zilipoanza kupasuka na kung'aa mafuta akaliinua kaango lenyewe, akalipitisha kwa kila mtu. Kila mmoja aliuvuta moshi kwa kiganja kuelekea usoni, nami nikafanya vivyo. Kisha kinu na mchi, kisha jebena, lile buli la udongo lenye shingo nyembamba, likawekwa juu ya makaa. Bisi zilikuwa zikizunguka kwenye ungo. Hakuna aliyetazama simu.

Alimimina kutoka juu, uzi mwembamba mweusi, vikombe vyote mfululizo bila kuinua mkono. Mzunguko wa kwanza unaitwa abol, mzito wa kukufumbua macho. Akaongeza maji kwenye unga uleule, ukaja wa pili, tona. Nilipokunywa huo nilishukuru, nikainuka, nina nguo za kuanika. Akanishika mkono. "Keti, mwanangu," alisema. "Baraka bado."

Mzunguko wa tatu ndilo jina lake: baraka. Neno hilo wanalo na tunalo, halikuhitaji mkalimani, na wala sikuwa na namna ya kuondoka baada ya kulisikia. Kahawa ya tatu ni nyepesi, karibu chai, na ndiyo ambayo watu huizungumzia mambo yao ya kweli: nani mgonjwa, nani kapata mtoto, nani hajaonekana wiki mbili. Baadaye nikagundua kwamba hata buni yetu ni ndugu wa buna yao. Kinywaji tulikiita kahawa kama Waarabu, na punje zikabaki na jina linalofanana na lile la nchi ambako mti wenyewe bado unaota mwituni, katika misitu ya Kaffa. Kuna msemo wao, "buna dabo naw", kahawa ni mkate. Mama yule aliusema huku akiyazoa yale majani, kama mtu anayetaja bei ya nyanya.

Nimalizie na mkimbiaji niliyemwahidi. Dunia inamjua kama Bikila, lakini huyo ni baba yake. Yeye ni Abebe, na jina lake maana yake amechanua, kutoka mzizi uleule wa abeba, ua, ulio katika adey abeba na katika Addis Ababa, ua jipya. Tarehe 10 Septemba 1960 alikimbia marathoni ya Olimpiki mjini Roma bila viatu. Mbio zilianza saa kumi na moja na nusu jioni kukwepa joto, na giza lilipoingia askari walishika mienge kando ya njia. Karibu na mwisho njia ilipita penye mnara wa jiwe wa Axum, ambao Waitalia waliuchukua Ethiopia mwaka 1937 na ambao haukurudi nyumbani hadi 2005. Ni sehemu hizo za mwisho ndipo Abebe alipomwacha Rhadi Ben Abdesselam wa Moroko. Alifika kwenye Tao la Konstantino kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 16, muda bora kuliko wote duniani wakati huo, akawa Mwafrika mweusi wa kwanza kupata dhahabu ya Olimpiki.

Kwa hesabu yake mwenyewe ilikuwa 5 Pagume 1952, siku ya mwisho ya mwezi wa kumi na tatu, kama saa mbili kasorobo usiku. Kulipokucha ilikuwa Enkutatash, na wasichana wa Addis walikuwa wanatoka na maua.